Masisi na Walikale: Paka amezaa, lini ahasiwe?

Paka jike aliyezaa wiki sita zilizopita anaweza kuwa na mimba nyingine leo, huku watoto wake wakiwa bado wananyonya. Familia nyingi hugundua jambo hilo kwa kuchelewa. Mama anaachwa alee kwanza, inasemwa atahasiwa baadaye, na hiyo baadaye inapofika tumbo limeshajaa tena.

Swali hili linaweza kuonekana dogo katika Kivu ya Kaskazini, ambako watu wanahesabu miaka kwa vita. Lakini katika vijiji vya milima ya Masisi na katika msitu wa Walikale paka si pambo. Paka, au pusi kama wengine wanavyomwita, ndiye mlinzi wa maharagi, mahindi na karanga zinazolala ndani ya nyumba. Nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima inakuwa ya panya, na nyumba za namna hiyo hazikukosekana. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-centre ilifuata Januari 2025, mwezi ule ule ambao Goma nayo ilianguka. Februari 2025 kambi za deplase za pembeni ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilitolewa watu, na wengi wakachukua njia ya Sake kurudi vilimani. Machi mwaka huo huo ikawa zamu ya Walikale-centre, iliyokaliwa kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya waasi kuondoka. Anayerudi nyumbani baada ya hayo yote anahitaji mbegu, jembe, na paka.

Kwa hiyo hakuna ubaya wowote katika kutaka paka azae. Tatizo ni hesabu. Majirani watatu wameomba mtoto mmoja mmoja, mama amezaa wanne, hapo mambo yako sawa. Baada ya miezi minne amezaa wengine wanne, na hakuna tena anayeomba. Hao wa pili ndio wanaoishia kuwekwa ndani ya mfuko na kuachwa kando ya soko au ya mto, au wanaokua bila mwenyewe, wakiiba sambaza sokoni na kuzaana nyuma ya madepo.

Karibu na ikweta hakuna mapumziko

Vitabu vingi vya kutunza paka vimeandikwa Ulaya na Marekani. Huko paka jike hupumzika majira ya baridi, kwa sababu mwili wake unafuata urefu wa mchana: mwanga ukipungua, uzazi unasimama, mwanga ukirudi, unaanza tena. Masisi na Walikale ziko kati ya nyuzi 0 na 2 kusini mwa ikweta. Mchana ni wa saa 12 hivi Januari, na ni wa saa 12 hivi Julai. Paka wa huku hana msimu, anaweza kushika mimba mwezi wowote.

Wafugaji wa ng'ombe wa Masisi wanajua neno "joto", yaani siku ambazo ng'ombe jike anamtaka dume. Paka naye anaingia joto, lakini kwa namna yake. Asipopandwa, joto linapita na kurudi baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena. Akipandwa, tendo lenyewe ndilo linaloachilia mayai, na ndiyo sababu anashika mimba kwa urahisi mno. Mimba inachukua wiki tisa hivi. Baada ya kuzaa, joto linaweza kurudi ndani ya wiki chache tu, hata kabla watoto hawajaacha ziwa. Anayetegemea kunyonyesha kumzuie paka asishike mimba anategemea kitu kisicho na uhakika.

Na wale watoto? Wa kike wanaweza kuingia joto wakiwa na miezi minne au mitano, wakati bado wanaonekana kama vichezeo vya nyumbani. Wa kiume wanachelewa kidogo tu. Paka hawajui udugu: kaka atampanda dada yake, na mtoto wa kiume atampanda mama yake. Nyumba iliyobakiza mama, binti na kijana mmoja wa kiume haihitaji dume kutoka nje ili ijae.

Kwa mama, wiki ya nane hadi ya kumi

Kipindi kizuri cha kumhasi mama ni baada ya watoto kuacha kunyonya na maziwa kukauka. Watoto wanaanza kulamba chakula wakiwa na wiki nne, na wengi wanaweza kuachishwa kati ya wiki ya sita na ya nane. Baada ya hapo maziwa yanahitaji wiki moja hadi mbili ili yakauke. Ukijumlisha, unafika kati ya wiki ya nane na ya kumi tangu siku ya kuzaa.

Kusubiri huko kuna sababu zake. Kumhasi jike ni kufungua tumbo na kuondoa vifuko vya mayai, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Desturi ya kawaida ni kupasua katikati ya tumbo, mahali ambapo chuchu zimepangwa kulia na kushoto. Ziwa likiwa limejaa maziwa, damu ni nyingi zaidi, maziwa yanaweza kuvuja kwenye kidonda, na watoto wenye njaa watavuta nyuzi kwa meno na makucha.

Lakini kusubiri bila kumfungia ndani ni kazi bure. Hizo wiki mbili za kukausha maziwa ndizo hasa ambazo dume anazunguka nyumba. Mama alale ndani, madirisha yawe yamefungwa, na watoto watengwe naye kidogo kidogo, kwanza mchana, kisha usiku pia. Asikamuliwe ili "apate nafuu", kwa sababu kukamua kunauambia mwili uendelee kutengeneza maziwa.

Hapa ndipo kalenda ya kitabuni inapogongana na barabara za Masisi. Veterinere hayuko kila kijiji. Pengine anapita leo kwa ajili ya ng'ombe au mbuzi, na hakuna anayejua kama njia itakuwa wazi mwezi ujao. Je, mama anayenyonyesha watoto wa wiki tano aachwe asubiri? Jibu la wataalamu wa upasuaji wa paka ni kwamba inawezekana kumhasi hata akiwa na maziwa, kwa kupasua ubavuni badala ya katikati ya tumbo. Kidonda kinakuwa mbali na chuchu, na watoto wanaweza kurudishwa kwake akishaamka vizuri. Maziwa hayakauki kwa sababu ya kuhasiwa, kwani hayategemei vifuko vya mayai. Hata hivyo si kila veterinere amezoea njia ya ubavuni, hivyo swali hilo aulizwe kabla hajashika kisu. Na watoto wawe tayari wanalamba chakula, ili jambo likienda vibaya wasife wote pamoja na mama yao.

Ikiwa ameshashika tena, dalili ya kwanza ni chuchu kuvimba kidogo na kuwa nyekundu, karibu wiki ya tatu ya mimba. Ila kwa paka anayenyonyesha dalili hiyo inajificha, kwa kuwa chuchu zake ni nyekundu tayari. Kumhasi paka mwenye mimba changa kunawezekana, na madaktari wengi duniani wanafanya hivyo. Mimba ikiwa kubwa, mishipa ya damu imepanuka na hatari inaongezeka. Hilo ni la kuamuliwa na mwenye paka pamoja na veterinere, na dhamiri ya mwenye paka ina sauti pia. Asiyetaka atasubiri azae, kisha ataanza kuhesabu wiki upya, safari hii akiwa makini zaidi.

Watoto na mizani ya muuza maharagi

Kwa watoto, desturi ya zamani ilikuwa kusubiri miezi sita. Desturi hiyo imeachwa sehemu nyingi, kwa sababu kwenye miezi sita binti wengine wana mimba tayari. Shirika la Cats Protection la Uingereza linashauri miezi minne au mapema zaidi. Nchini Marekani, chama cha veterinere AVMA kiliunga mkono mwaka 2017 ushauri wa kuhasi paka kabla hawajafikisha miezi mitano. Katika makao ya paka wasio na wenyewe, huko huko Marekani, wanahasiwa hata wakiwa na wiki nane, mradi wamefikisha kilo moja hivi.

Je, hiyo wiki ya nane inafaa Masisi? Mahali penye vifaa, ndiyo. Lakini mtoto wa paka wa miezi miwili ana mwili mdogo unaopoteza joto haraka, na sukari ya damu yake inashuka akikaa na njaa kwa muda mrefu. Katika vijiji vya juu, ambako usiku mtu hulala na mablanketi mawili, mtoto aliyechomwa dawa ya usingizi na kulazwa juu ya meza ya mbao anaweza kufa kwa baridi hata kama kisu hakikukosea. Kama veterinere hana namna ya kumpa joto, ni busara kumwacha mtoto afikishe miezi mitatu hadi minne. Miezi mitatu ina faida nyingine: ndio umri ambao paka anaweza kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao kwa kawaida unaletwa na mbwa lakini ambao paka aliyeumwa naye anaweza kumpa mtu. Safari moja, sindano na upasuaji.

Kilo ni muhimu kuliko tarehe, kwa kuwa familia nyingi hazikumbuki siku paka alipozaa. Mtoto wa paka anazaliwa na gramu 100 hivi na anaongeza karibu gramu 100 kila wiki akila vizuri. Mizani ya muuza maharagi inatosha: pima kikapu kitupu, kisha kikapu na paka ndani.

Akila vizuri, lakini. Masisi ni nchi ya maziwa na fromaji, na kitu cha kwanza ambacho mtoto wa paka anawekewa mbele ni kisahani cha maziwa ya ng'ombe. Tumbo lake haliimudu vizuri sukari iliyo ndani ya maziwa hayo, anaharisha, na wiki mbili zinapita bila kuongeza hata gramu 50. Vitu vinavyomkuza ni nyama, samaki na yai. Bugali iliyochanganywa na unga wa sambaza ni bora kuliko kikombe cha maziwa. Minyoo nayo inarudisha uzito nyuma, na dawa ya minyoo ni ya bei ndogo kuliko safari ya bure kwa veterinere.

Nani aanze?

Franga zikitosha kwa paka mmoja tu, aanze mama. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na mimba, na ndiye ambaye tayari ameonyesha kwamba anazaa na kulea. Wanafuata mabinti, na madume mwishoni.

Watu wengi hufanya kinyume, na sababu inaeleweka. Katika nchi ya ng'ombe, kuhasi maana yake ni kuhasi dume. Veterinere wa kijijini anaijua pensi ya Burdizzo inayobana mishipa ya korodani za ndama na za mbuzi, na ameitumia mamia ya mara. Dume la paka linahasiwa kwa dakika chache kupitia tundu dogo, bila kufungua tumbo, na bei inakuwa ndogo. Dume aliyehasiwa anatulia, hapigani sana, haendi mbali, hakojoi kutani. Hizo ni faida za mwenye dume. Kwa idadi ya paka kijijini hazisaidii kitu, kwa sababu dume mmoja aliyebaki mtaani anatosha kwa majike wote. Hasi madume tisa kati ya kumi, na yule wa kumi atafanya kazi ya wote.

Kufungua tumbo la jike ni kazi nyingine. Inataka dawa ya usingizi iliyopimwa kwa uzito wa paka, vyombo vilivyochemshwa, na mkono uliofundishwa. Jimbo lina mahali pa kufundisha: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina kitivo cha udaktari wa wanyama. Lakini kazi nyingi zinazowangoja wahitimu vijijini ni za ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Si aibu kumwuliza veterinere kama amewahi kuhasi paka jike, na mara ngapi. Aulizwe pia kama ana dawa ya maumivu ya paka, kwa sababu hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui: parasetamoli, kidonge kilicho katika kila nyumba, inamuua paka. Hata nusu ya kidonge inaweza kutosha. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja. Usiku ule wa kwanza, paka anapolia, huruma isimfikishe mtu kwenye kisanduku cha dawa za watoto.

Jambo lingine la kukataa ni vidonge vya kupanga uzazi. Baadhi ya watu wanampa paka dawa za wanawake ili kuepuka kisu. Homoni hizo zinaweza kumjaza usaha katika mfuko wa uzazi na kumletea uvimbe wa maziwa, na kama hakuna veterinere wa kumpasua, usaha huo ni kifo.

Zipo pia imani za muda mrefu. Inasemwa kwamba jike lazima azae mara moja kwanza ndipo awe na afya. Mwili wake haupati faida yoyote kwa kuzaa. Kinyume chake, jike anayehasiwa kabla ya joto la kwanza ana hatari ndogo zaidi ya kupata uvimbe wa maziwa uzeeni. Inasemwa pia kwamba paka aliyehasiwa haendi tena kuwinda. Uwindaji hautoki katika vifuko vya mayai. Paka aliyehasiwa anaongezeka uzito kwa urahisi, hilo ni kweli, na paka mnene ni mvivu. Dawa yake ni kupunguza bugali. Mwenye panya ndani ya gunia la maharagi ana kila sababu ya kumtaka jike ambaye halei kila baada ya miezi minne.

Na anayetaka watoto wa kugawa? Amwache azae mara moja, baada ya majirani kusema kwa majina nani anachukua nani. Kisha kipindi cha wiki ya nane hadi ya kumi kisipite.

Siku yenyewe

Paka mkubwa asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Mtoto asiachwe na njaa hivyo. Saa mbili hadi nne bila chakula zinamtosha. Kumbebea paka ndani ya gunia juu ya moto kutoka kijijini hadi senta ni kumchosha kabla ya dawa ya usingizi. Kikapu chenye mfuniko au kartoni yenye matundu ni afadhali. Baada ya upasuaji, Masisi adui ni baridi: afungwe kitambaa kikavu, chupa ya maji ya vuguvugu iwekwe karibu naye, ikiwa imefunikwa. Walikale, kule chini msituni, adui ni unyevu na nzi, na kidonda kinapaswa kuangaliwa asubuhi na jioni. Kwa siku kumi asitoke nje. Kidonda kikifunguka, kikitoa harufu, au paka akikataa chakula siku nzima, arudishwe kwa veterinere.

Arudishwe, kama veterinere bado yuko. Mtu anaweza kumhasi paka wake Jumatatu na Alhamisi akawa njiani na godoro kichwani. Kwa hiyo kuna ombi moja la kufanya kabla ya upasuaji, ambalo vitabu vya nje havilipi uzito: nyuzi ziwe zile zinazoyeyuka zenyewe, zishonwe chini ya ngozi. Paka aliyeshonwa hivyo hahitaji kurudi kutolewa nyuzi. Familia ikikimbia, anaingia kikapuni na kidonda chake kinaendelea kupona huko huko njiani. Ikimwacha nyumbani, atabaki na panya zake, bila mimba.

Dume aliyehasiwa naye anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, kwani mbegu zilizobaki njiani hazifi siku hiyo hiyo. Mwenye dume na majike chini ya paa moja awatenge kwa mwezi mzima.